Mto, Msitu na Bahari Ndani ya Kikapu

Tangu tarehe 1 Juni 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, maongezi yetu kuhusu soko na mazingira yamekuwa yakianzia kwenye mfuko na kuishia hapo hapo. Marufuku ile ilistahili. Rwanda ilishafanya hivyo mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017, na yeyote aliyeishi Dar es Salaam miaka ile anakumbuka mitaro ilivyokuwa ikiziba kwa rambo kila masika. Lakini mtu anaweza kutoka sokoni na kikapu kizuri cha ukindu mkononi, na ndani yake akawa amebeba samaki wa baruti, nyanya ambazo nusu yake zitaoza kabla ya Alhamisi, na maharage makuukuu yatakayokaa jikoni mchana kutwa. Madhara makubwa ya manunuzi yetu ya chakula yamo ndani ya kikapu: kwenye kinachooza, kwenye moto kinaouhitaji ili kiive, na kwenye namna kilivyolimwa au kuvuliwa. Huko ndiko ninakotaka tuangalie, kwa jicho la mtu anayenunua kwa hela ya kawaida kwenye masoko yetu ya kawaida.

Tumalizane na mfuko kwanza. Ile mifuko laini inayofanana na kitambaa, ya kijani, buluu na nyekundu, tuliyoipata badala ya rambo, imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Haiozi. Faida yake ni kwamba inarudiwa, na isiporudiwa ni hasara kuliko rambo yenyewe. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulikokotoa, katika ripoti yake ya mwaka 2011, kwamba mfuko wa aina hiyo unatakiwa utumike mara 11 ndipo madhara yake kwa hali ya hewa yalingane na ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Mfuko wa pamba ulihitaji mara 131. Kwa hiyo kama una lundo la mifuko nyuma ya mlango wa jikoni, mfuko bora kwa mazingira ni huo huo ulio nao. Weka mmoja kwenye mkoba wa kazini na mwingine kwenye buti la gari au chini ya kiti cha pikipiki, maana mifuko yote ikikaa nyumbani utanunua mwingine kila ukipitia genge ukitoka kazini. Ukilazimika kununua kipya, kikapu cha ukindu au cha milulu ya Iringa kinadumu miaka, na kikichakaa kinarudi udongoni. Halafu kuna vile vifungashio vyepesi vinavyoonyesha ndani, ambavyo muuzaji anavitia kwenye kila kitu: karoti humu, hoho humu, limao mbili humu. Hivyo ndivyo vinavyozagaa sasa mitaani. Mwambie mapema, kabla hajanyoosha mkono, "Mama, nitilie humu humu," ufungue kikapu. Nyanya na vitunguu vitagusana njiani bila kudhurika.

Sasa kinachooza. Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa, UNEP, ulitoa ripoti mwaka 2024 ikionyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, sawa na asilimia 19 ya chakula chote kilichowafikia walaji, na asilimia 60 ya kilichotupwa kilitoka majumbani. Wengi wetu tukisikia hivyo tunawafikiria Wazungu. Ripoti hiyo hiyo inasema kiasi kinachotupwa na kaya za nchi tajiri hakipishani sana na cha kaya za nchi za kipato cha kati. Tazama ndoo ya taka ya jikoni kwako Jumapili jioni: mchicha uliogeuka njano, nyanya mbili zilizotoa maji, mkate wenye ukungu, wali wa juzi. Kwa Dar es Salaam vitu hivyo vinapakiwa kwenye gari la taka hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, vinafukiwa chini ya taka nyingine, na vinaoza pasipo hewa. Uozo wa namna hiyo hutoa methani, gesi ambayo kwa muda wa miaka 20 hupasha joto angahewa zaidi ya mara 80 kuliko kabonidayoksaidi ya uzito ule ule. Kwa hiyo hata jani la mchicha, likizikwa pale, halipotei hivi hivi.

Nyanya inaeleza jambo hili vizuri kuliko zao lolote. Nyingi tunazokula Dar zinashuka kutoka Ilula, mkoani Iringa, na maeneo mengine ya nyanda za juu, zikiwa kwenye matenga ya mbao. Tenga linapangwa juu ya tenga, lori linatikisika usiku kucha, na nyanya za chini zinafika zimepondeka. Mkulima ameshatumia maji, mbolea na dawa, lori limeshaunguza dizeli, na sehemu ya mzigo imeshaharibika kabla hujaiona. Inayobaki salama ndiyo unayouziwa wewe, na hapo ndipo sado inapotuponza. Sado nzima bei yake inavutia kuliko mafungu manne, tunabeba sado, na kwa nyumba ya watu watatu robo yake inaishia kwenye ndoo. Hesabu siku utakazopika, siyo bei ya kopo. Ukiwa na ruhusa ya kuchagua, usichukue zote nyekundu: chukua za leo na kesho zilizoiva, za keshokutwa zinazoanza kubadilika rangi, na za mwisho wa wiki zikiwa bado na ukijani. Zitandaze kwenye sinia mahali penye hewa, kikonyo kikitazama chini, badala ya kuzirundika. Zile zilizolainika lakini hazijapasuka wala kuota ukungu ni nzuri kwa mchuzi wa usiku huo huo, na kwa kawaida muuzaji anazishusha bei. Sisemi masalo yaliyokwisha chacha na kutoa povu. Hayo usiyaguse, maana ukungu hauishii pale unapoonekana. Na ukiziona nyanya zenye utando mweupe au wa kibuluu, hiyo ni dawa iliyopuliziwa karibu mno na mavuno. Pita meza nyingine, na umwambie muuzaji kwa nini umepita. Neno hilo litamfikia dalali, na kwa dalali litamfikia mkulima, kwa sababu mzigo unaokataliwa unazungumziwa.

Mboga za majani zina saa yake. Anayekwenda genge la jirani saa kumi na mbili jioni atakuta mama wa mboga anataka kufunga, na matembele yaliyobaki hayatafaa asubuhi. Nunua hayo kwa ajili ya chakula cha usiku. Umeokoa mboga isitupwe na yeye hajapata hasara. Mchicha wa kesho uzungushie kitambaa chenye unyevu, usiuoshe mpaka saa ya kupika. Ndizi mbivu na maembe uviweke mbali na vitu vingine, kwa sababu matunda yanayoiva hutoa gesi inayoivisha kila kilicho jirani. Vitunguu vya Mang'ola au Singida vyenye shingo iliyokauka na ngozi inayokwaruza vinakaa wiki nyingi kwenye wavu ukining'inizwa. Vyenye shingo laini ni vya wiki hii tu. Na tuache kukataa karoti iliyopinda au embe lenye kovu la jua. Kila tunachokikataa mezani kinarudishwa nyuma, na jioni kinafagiliwa pamoja na maganda. Kuhusu maganda yenyewe, mwenye kuku au mwenye kijisehemu cha udongo hana sababu ya kuyapeleka dampo. Kinondoni ina kiwanda cha kutengeneza mboji pale Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na mji wa Hamburg, kinachotumia taka za masokoni, jambo ambalo manispaa nyingine zingeweza kuliiga.

Nihamie kwenye msitu, ambao watu wengi hawauoni wanaponunua maharage.

Mkaa wa Dar unatoka Kisarawe, Rufiji, Kilosa, Handeni na kwingineko. Kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo hula kilo tano hadi kumi za kuni, kutegemea ustadi wa mchomaji na ukavu wa mti. Mtu anapozungumzia chakula na mazingira mara nyingi anataja shamba na usafiri, lakini kwa nyumba inayopikia mkaa, chungu cha maharage kinaweza kula miti mingi kuliko safari ya maharage hayo kutoka Mbeya. Ndiyo maana nasema ununuzi wa maharage ni uamuzi kuhusu msitu. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu, hasa kwenye joto na unyevu wa pwani, hukakamaa. Unachemsha, unaongeza maji, unaongeza mkaa, na bado yanagonga kwenye meno. Ya msimu mpya yana mng'ao na rangi yake haijafifia wala kupiga weusi. Muulize muuzaji yameingia lini na wapi. Muuzaji mzuri atakujibu bila kusita, na akisita, chukua nusu kilo ya kujaribia kwanza.

Ukifika nyumbani yaloweke tangu usiku, umwage maji yale, upikie mengine, na ufunike sufuria. Chumvi ije mwisho. Magadi kidogo yanasaidia kulainisha. Siku ambayo hukuloweka, nunua choroko au kunde, zinaiva upesi zaidi. Dengu zilizopasuliwa zinaiva upesi kuliko zote. Maharage mabichi, msimu wake ukifika, hayana haja ya kulowekwa wala moto mrefu, na ladha yake mwenyewe unaijua. Sufuria ya presha inapunguza muda wa moto kwa kiasi ambacho anayeitumia mara ya kwanza huwa hakiamini. Lile jiko la presha la umeme linaivisha chungu cha maharage kwa umeme usiofika uniti moja. Nchi ikiwa sasa na Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, umeme huo kwa sehemu kubwa unatoka kwenye maji na gesi ya nchini badala ya miti. Serikali imejiwekea lengo, kwenye mkakati wake wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Jiko hilo si la bei ya mchezo, najua. Lakini kabla ya kulinunua, kuloweka maharage hakugharimu hata senti, na nashangaa kila mara kuona nyumba ngapi haziloweki.

Mkaa mbadala, ule wa vifuu au vumbi la mkaa lililokandwa, unafaa sana kwa vyakula vya moto wa taratibu kama makande na supu ya kongoro. Kwa chai ya asubuhi unachelewa kushika, hivyo usiuhukumu kwa chai.

Bahari ndiyo inayonipa wasiwasi mkubwa zaidi, kwa sababu uharibifu wake hauonekani kutoka nchi kavu. Bomu moja la baruti likirushwa kwenye mwamba wa matumbawe huua samaki wakubwa, wachanga na mayai kwa pamoja, na matumbawe yaliyovunjika huchukua miongo kurudi, kama yatarudi. Uvuvi huo ni kosa la jinai tangu zamani, na kuanzia mwaka 2016 doria zimeukandamiza sana kwenye pwani yetu, ila mahali popote ambapo samaki huyo ananunuliwa bila maswali, mrushaji baruti anapata sababu ya kurudi baharini.

Samaki wa baruti anajulikana. Pale Feri, au kwenye soko lolote la samaki, muulize muuzaji kwa upole: "Kaka, huyu kavuliwa kwa zana gani?" Mvuvi wa mshipi au wa dema anajivunia kazi yake na atakwambia hata upande alikotoka. Kisha mtazame samaki mwenyewe. Macho meupe na matamvua mekundu yanakuonyesha kama ni mbichi au amelala, hayakuambii alivyouawa. Kwa hilo inabidi umshike. Mnyanyue kwa kichwa: samaki aliyekufa kwa mshipi au wavu ana mwili ulionyooka, wa baruti hulegea katikati kwa sababu uti wa mgongo umekatika. Bonyeza ubavu, nyama yake ni teketeke hata kama amefika asubuhi hiyo. Mwombe ampasue mbele yako. Ukiona damu imevia kando ya uti, mifupa midogo imeachana na nyama, na matumbo yamepasuka yakachanganyika, huyo ni wa baruti. Mrudishe mezani bila ugomvi, useme wazi kwa nini humchukui. Ukifanya hivyo mbele ya wateja wengine wanaosikia, umefundisha watu bila kuitisha mkutano.

Ukubwa ni kipimo kingine. Sheria yetu inakataza pweza aliye chini ya nusu kilo. Pweza hukua kwa kasi na jike hutaga mara moja tu katika maisha yake kisha akafa, kwa hiyo aliyevuliwa mdogo hajaacha kizazi. Jamii za wavuvi zimeshaona faida ya kumsubiri: Kisiwa Panza, Pemba, wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa na kuifungua pweza wakiwa wamenenepa. Wewe kwenye meza ya pweza unaweza kuunga mkono subira hiyo kwa kuacha vile vidogo vya mishikaki. Kwa samaki wa Ziwa Victoria, sangara awe amefika sentimita 50 na sato sentimita 25. Huna haja ya rula. Urefu kutoka kiwiko chako hadi ncha za vidole unakaribia sentimita 45, hivyo sangara mzima asiyezidi mkono huo kwa wazi amevuliwa akiwa mdogo, pengine kwa kokoro au wavu wa timba, na zote mbili ni haramu. Kamba kochi mwenye mayai tumboni mwache, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Na wenzetu wa Kigoma walipofungiwa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, migebuka iliadimika. Miezi ya namna hiyo mlaji anatakiwa kuvumilia pamoja na mvuvi. Anayetafuta migebuka mibichi kwa magendo wakati ziwa limefungwa anakula mbegu ya mwaka unaofuata.

Ukiniuliza samaki gani wa kununua bila wasiwasi mwingi, nitakujibu dagaa. Wanazaa haraka, wanaishi muda mfupi, wanakaushwa kwa jua bila kuni, na mifupa yao unaila yote pamoja na madini yake. Tofauti ya dagaa na dagaa iko kwenye kukaushwa: waliotandazwa mchangani hubeba mchanga, na mvua ikinyesha huoza maelfu kwa mkupuo, wakati wa chanja hukauka juu na chini na kukaa miezi. Chukua kiganja, wanuse, wavunje mmoja. Akikatika kwa mlio na mkononi kusibaki mchanga, huyo ni wa chanja. Analipiwa zaidi kidogo na anastahili, maana bei hiyo ndiyo itakayowafanya wachakataji wengine wajenge chanja. Kwa dagaa wabichi wa pwani, fuata mwezi. Wakati wa giza, taa za wavuvi zinawavuta na soko linajaa. Mbalamwezi wanakuwa adimu na bei inapaa. Nunua wakati wa giza, uanike wa kutosha.

Mto nao umo kikapuni, kwenye mchele. Mchele mwingi tunaouita wa Mbeya unatoka Usangu, wilayani Mbarali, na mashamba yake yanakunywa maji ya Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto huo, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, umekuwa ukikauka kila kiangazi, viboko na mamba wakibanana kwenye madimbwi. Kilimo cha umwagiliaji kinachukua maji mengi, na wingi wa mifugo bondeni umechangia. Maji ya mto huo huo ndiyo yanayopita Mtera na Kidatu kuzalisha umeme kabla ya kuingia Rufiji. Sikwambii uache wali. Wakulima wa Mbarali wanaishi kwa mpunga, na wapo wanaojifunza kilimo shadidi kinachotumia maji machache zaidi. Nasema wali usiwe kila siku. Siku mbili kwa wiki ziwe za muhogo, viazi vitamu, magimbi au ndizi; ukipita pale sokoni Mahakama ya Ndizi, Mabibo, utakosa nafasi tu ya kubebea. Unga wa mtama na uwele wa Dodoma na Singida unatokana na mazao yanayovumilia ukame na hayadai mfereji. Uji wa watoto uanze na huo. Kwa ugali, nunua mahindi na upeleke mashineni usagishe dona: mahindi yaleyale yanatoa unga mwingi zaidi kuliko ukikoboa, na hakuna mfuko mpya wa plastiki unaoingia nyumbani.

Nyama niiseme kwa kifupi kwa sababu Watanzania wengi hawaili kila siku. Utafiti mkubwa wa Poore na Nemecek, uliochapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la Science na kukusanya takwimu za mashamba 38,700 katika nchi 119, ulionyesha kwamba kwa hesabu ya wastani kilo ya nyama ya ng'ombe inasababisha gesi joto zaidi ya mara ishirini ya kilo ya mikunde. Ulionyesha pia kwamba kwa vyakula vingi usafirishaji ni sehemu ndogo ya madhara yote, kwa hiyo kinacholiwa kina uzito kuliko kilikotoka. Nyumba ambayo sahani ya nyama imekuwa ya kila mlo ipunguze. Isiyo na nyama kila siku iko sawa ilivyo. Hata hivyo, penye cha nyumbani cha ubora huo huo, sioni sababu ya kulipia tufaha za Afrika Kusini zilizokaa miezi kwenye baridi wakati Lushoto na Makete wanavuna zao, au wakati machungwa ya Muheza na mananasi ya Kiwangwa yamejaa kwenye mikokoteni.

Mafuta ya kula yanatupa nafasi nzuri. Sehemu kubwa ya mafuta ya bei rahisi madukani ni ya mawese yaliyotoka Malaysia na Indonesia, ambako misitu mingi ya asili, pamoja na ile ya ardhi ya mboji yenye kaboni nyingi, imefyekwa kwa ajili ya michikichi. Alizeti ya Singida na Dodoma inakamuliwa hapa hapa, na mashudu yake yanalisha mifugo. Mawese ya Kigoma yanatokana na michikichi ya wakulima wadogo, na kwa maharage hayana mpinzani. Yanunue kwa kupima kwenye duka la mtaani kwa Mangi, ukienda na chupa yako iliyo safi na kavu kabisa, maana tone la maji huyaharibu. Kwa soda, rudini kwenye chupa ya kioo. Tulikuwa na utaratibu ambao nchi nyingi tajiri zinahangaika kuurudisha: Mangi anakuuliza "una chupa?", unaacha tupu, unachukua iliyojaa, na chupa ile ile inarudi kiwandani kuoshwa na kujazwa tena. Plastiki imeusukuma pembeni kwa sababu ni nyepesi kubeba. Bado kreti zipo. Kwa sherehe ya nyumbani agiza kreti, na maji ya kunywa yawe ya dumu kubwa linalorudishwa, na vikombe.

La mwisho linahusu anayekwenda sokoni. Kwenye nyumba nyingi za mjini si yule anayesoma makala kama hii. Ni dada wa nyumbani, mtoto wa shule aliyetumwa, au bodaboda aliyepewa orodha kwa simu. Akirudi na samaki aliyepasuka tumbo anagombezwa, ilhali hakuna aliyemwonyesha namna ya kumshika. Nenda naye mara moja. Mwonyeshe nyanya za siku tatu, mwonyeshe uti wa samaki, mpe mamlaka ya kukataa mzigo mbaya na kurudi na hela. Orodha unayompa iandike kwa siku za kupika badala ya majina ya vitu tu.

Na kama unaishi kwenye nyumba ya wapangaji au mtaa mnaofahamiana, nunueni pamoja. Gunia la vitunguu, la viazi vya Njombe au la maharage, likigawanywa na kaya nne au tano, linashusha bei, linapunguza safari za bodaboda na vifungashio, na kila kaya inachukua kiasi itakachokimaliza kabla hakijaharibika. Anzeni na maharage kuanzia Juni, mapya ya Nyanda za Juu Kusini yanapoanza kushuka. Mmoja aende na hela za wote alfajiri, achague gunia lisilo la lumbesa, alifungue mdomo wa juu na kutia mkono hadi katikati, kwa sababu wajanja huweka mazuri juu. Mkifika nyumbani gawaneni kwa mzani, siyo kwa macho, ili mwezi ujao mweze kununua tena pamoja.